Cesare Maldini: Beki Aliyelea Mabeki

Nereo Rocco alipenda utani na divai nzuri, ila kwenye ulinzi hakuwa na mchezo. Kocha huyu wa Trieste alijenga jina lake kwa kuzifundisha timu ndogo kujifungia kwa kufuli: mabeki wanakaba mtu kwa mtu, na nyuma yao anabaki mmoja asiye na wa kumkaba, anayefagia chochote kilichopenya. Waitaliano wanamwita libero. Libero wa Rocco alitakiwa auondoe mpira, mbali na haraka, ili watu wapumue.

Mwaka 1961 alipokabidhiwa AC Milan, alimkuta libero wa namna nyingine kabisa. Cesare Maldini alikuwa mrefu, mwenye nywele zilizochanwa vizuri na mwendo wa mtu asiye na haraka. Mpira ukimfikia ndani ya eneo lake la hatari, aliutuliza, akamngoja mshambuliaji amsogelee, kisha akampiga chenga na kutoka nao kichwa juu akitafuta wa kumpasia. Siku nyingi jambo hilo lilimwendea vyema na uwanja ukampigia makofi. Siku nyingine mpira ulimponyoka mguuni, na kipa akabaki anauokota nyavuni. Waandishi wa michezo waliyapa makosa hayo jina la ukoo wake, maldinate, na likamganda maisha yake yote.

Rocco angeweza kumweka benchi. Badala yake, chini ya Rocco huyo huyo, Maldini ndiye aliyekuwa nahodha.

Wawili hao walielewana kwa sababu walitoka mji mmoja, na si mji wa kawaida. Trieste ni bandari iliyo pembeni kabisa ya Italia, kwenye bahari ya Adriatiki, ambako Waitaliano na Waslovenia wameishi pamoja kwa karne nyingi. Maldini alizaliwa huko tarehe 5 Februari 1932, na mama yake alitoka katika jamii ya Waslovenia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Italia na Yugoslavia ziliugombania mji huo, ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza na Wamarekani hadi Oktoba 1954. Kwa hiyo kijana huyu alipovaa jezi ya Triestina mwaka 1952, alikuwa akicheza ligi ya Italia kutoka mji uliokuwa bado mikononi mwa majeshi ya kigeni. Katika hali hiyo hiyo, mwaka 1948, Rocco alikuwa ameifikisha Triestina nafasi ya pili ya ligi kuu, nyuma ya Torino. Hadi leo klabu hiyo haijapanda juu zaidi ya hapo.

Milan walimchukua Maldini mwaka 1954, akiwa na miaka 22. Mechi yake ya kwanza, tarehe 19 Septemba, ilikuwa dhidi ya Triestina hao hao, akasaidia kuwafunga 4-0 watu wa nyumbani.

Alikuta kikosi kilichojaa vigogo. Mbele alikuwapo Msweden Gunnar Nordahl, mwenye mwili wa mbeba mizigo na magoli yasiyokwisha. Katikati Nils Liedholm, naye Msweden, aliyepiga pasi kwa utulivu wa ajabu. Pembeni yao Juan Alberto Schiaffino, aliyeifungia Uruguay kwenye mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia la 1950. Milan ilitwaa ubingwa wa Italia mwaka 1955, ikarudia 1957 na 1959. Mwaka 1958 ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Brussels, ikaongoza mara mbili dhidi ya Real Madrid ya Alfredo Di Stéfano, na mara zote mbili ikasawazishiwa. Katika muda wa nyongeza Francisco Gento akafunga la tatu. Maldini alitoka uwanjani mikono mitupu, na ikambidi asubiri miaka mitano kabla ya kupata nafasi nyingine kama ile.

Nafasi hiyo ilikuja tarehe 22 Mei 1963, kwenye uwanja wa Wembley, London. Wapinzani walikuwa Benfica, waliokuwa wamelibeba kombe hilo miaka miwili mfululizo. Nguvu ya Benfica ilikuwa imetoka upande huu wa Afrika: nahodha wao Mário Coluna alizaliwa Msumbiji, na mshambuliaji wao Eusébio, kijana wa miaka 21, alitoka mitaa ya Lourenço Marques, mji tunaouita Maputo leo. Mnamo dakika ya 19 Eusébio alichomoka na kufunga. Kama kuna siku ambayo libero mwenye mapambo angeweza kuchanganyikiwa, ni ile. Lakini Maldini alitulia, mabeki wenzake wakatulia naye, na kipindi cha pili José Altafini, Mbrazili aliyekuwa akimalizia pasi za Gianni Rivera wa miaka 19, alifunga mara mbili. Coluna naye aliumizwa mguu kwenye rafu ya Gino Pivatelli. Siku hizo hapakuwa na kubadilisha mchezaji, hivyo alichechemea hadi mwisho. Milan 2, Benfica 1.

Maldini alipanda ngazi za Wembley na kukabidhiwa kombe. Hakuna klabu ya Italia iliyokuwa imewahi kulishika.

Alikuwa pia ameichezea timu ya taifa, mechi 14 kwa jumla, na alikwenda nayo kwenye Kombe la Dunia la Chile mwaka 1962, safari ambayo Waitaliano wengi wangependa isahaulike. Mwaka 1966, baada ya mechi 412 na magoli matatu tu kwa Milan, alihamia Torino, alikokuwa amekwenda Rocco. Alicheza msimu mmoja, akatundika daluga akiwa na miaka 35.

Kwenye ukocha alianza kwa kukaa kando ya Rocco, aliyekuwa amerudi Milan, kisha akakabidhiwa timu yenyewe kwa muda katika msimu wa 1973-74. Hakudumu. Foggia na Ternana zilifuata, na hakuna la kusimulia huko. Parma ni habari nyingine. Klabu hiyo ilikuwa daraja la tatu alipofika mwaka 1978, na ndani ya msimu mmoja aliifikisha kwenye mechi ya mwisho ya kuamua nani apande, iliyochezwa Vicenza mwezi Juni 1979. Wapinzani? Triestina. Mechi ilikwenda hadi muda wa nyongeza, na aliyeimaliza kwa magoli mawili alikuwa kiungo mwenye miaka 20, mtoto wa mkulima wa maeneo ya Reggiolo, aitwaye Carlo Ancelotti. Parma ikashinda 3-1 na kupanda. Kwa mara ya pili Maldini alikuwa ameuumiza mji wake mwenyewe, safari hii akiwa na koti la kocha. Ancelotti alinunuliwa na Roma kiangazi hicho hicho.

Mwaka uliofuata Enzo Bearzot, kocha wa timu ya taifa, alimwita Maldini awe msaidizi wake. Bearzot naye alitoka Friuli, jirani kabisa na Trieste, na alikuwa beki wa kati enzi zake. Mnamo 1982 walikwenda Hispania kwenye Kombe la Dunia wakiwa wametukanwa na kila gazeti. Walitoka sare mechi zote tatu za kundi, dhidi ya Poland, Peru na Kamerun, hadi wachezaji wakakataa kuzungumza na waandishi. Halafu wakawafunga Argentina ya Maradona, Brazili ya Zico, Poland tena, na kwenye fainali mjini Madrid wakaibwaga Ujerumani Magharibi 3-1. Katika kikosi hicho Maldini alimwona beki wa miaka 18 mwenye masharubu ya mtu mzima, Giuseppe Bergomi. Tutakutana naye tena.

Mwaka 1986 Bearzot aliondoka, Azeglio Vicini akapandishwa kutoka timu ya vijana chini ya miaka 21, na kiti chake cha vijana akapewa Maldini. Alikikalia miaka kumi. Watu wakitaja maisha yake hurukia Wembley au Kombe la Dunia la Ufaransa 1998, lakini ni hapa, katika miaka hiyo kumi, alipofanya kazi yake kubwa kuliko zote.

Ili kuuona uzito wake, lazima ukumbuke upepo uliokuwa ukivuma. Arrigo Sacchi alikuwa ameigeuza Milan kuwa mashine ya kukaba kwa maeneo: mabeki wanne kwenye mstari mmoja, timu nzima ikipanda na kushuka pamoja. Mwaka 1991 Sacchi akapewa timu ya taifa ya wakubwa, na kote Italia makocha wakaanza kumwiga. Maldini hakuiga. Vijana wake walikaba mtu kwa mtu, wakamwacha mmoja nyuma, wakaunyakua mpira na kukimbia nao mbele kabla mpinzani hajajipanga. Wachambuzi walimwita mtu wa kale. Alikubali kuitwa hivyo, akaendelea kuwafundisha watoto namna ya kusimama kati ya mshambuliaji na goli, lini kumwacha apokee na lini kumwahi, na jinsi ya kusoma mguu atakaopigia.

Mwaka 1992 vijana hao walitwaa ubingwa wa Ulaya wakiishinda Sweden katika fainali ya mechi mbili: 2-0 nyumbani, 0-1 ugenini. Mwaka 1994, kule Montpellier, walikutana na kizazi cha dhahabu cha Ureno, akina Luís Figo na Rui Costa. Dakika 90 hazikutoa goli. Katika muda wa nyongeza Pierluigi Orlandini, aliyeingia kutoka benchi, alipiga shuti lililoumaliza mchezo hapo hapo, maana ulikuwa wakati wa sheria ya goli la dhahabu. Mwaka 1996 wenyeji walikuwa Hispania, na fainali ilichezwa Barcelona. Francesco Totti aliitanguliza Italia, Raúl akasawazisha, ikaja mikwaju ya penalti na Waitaliano wakashinda 4-2. Hakuna taifa lililokuwa limelitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo kabla yao.

Tazama majina ya kikosi cha 1996: Fabio Cannavaro, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano, Alessandro Nesta, Totti, na kwenye benchi kipa wa miaka 18, Gianluigi Buffon. Miaka kumi baadaye wote wanne walikuwa kwenye kikosi cha Italia kilichotwaa Kombe la Dunia mjini Berlin, Cannavaro akiwa nahodha, na mwishoni mwa mwaka huo Cannavaro akapewa Ballon d'Or. Cannavaro ni mfupi kwa beki wa kati, hafiki hata mita 1.80. Alichokuwa nacho ni kuwahi, kuruka kwa wakati na kutoyumbishwa na mwili wa mshambuliaji, vitu vinavyofundishika pale mwalimu anapokuwa na subira.

Kulikuwa na vidonda pia. Kwenye Olimpiki ya 1992 vijana hao walitolewa na Hispania katika robo fainali. Ile ya Atlanta, 1996, ilikuwa mbaya zaidi: walifungwa na Meksiko, wakafungwa 3-2 na Ghana, wakarudi nyumbani baada ya hatua ya makundi.

Desemba 1996 Sacchi aliiacha timu ya taifa, na Maldini, karibu anatimiza miaka 65, akapewa ufunguo. Nahodha aliyemkuta alikuwa mwanawe.

Paolo Maldini alizaliwa mwaka 1968 na kuanza kuichezea Milan Januari 1985, akiwa na miaka 16. Baba alikuwa amemfundisha kwenye timu ya vijana chini ya miaka 21, na minong'ono ya upendeleo haikukosekana siku hizo. Kufikia 1997 minong'ono ilikuwa imekufa yenyewe. Paolo alikuwa na mataji ya Ulaya, alikuwa nahodha wa Italia kabla baba yake hajateuliwa, na hakukuwa na beki wa kushoto wa kulinganishwa naye duniani.

Mwezi Februari 1997 Italia ilikwenda Wembley kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Gianfranco Zola alifunga, Uingereza ikalala 1-0 nyumbani kwake, na yule aliyeitwa mtu wa kale akawa shujaa wa magazeti kwa majuma kadhaa. Furaha haikudumu. Mwezi Oktoba timu hizo zilitoka 0-0 mjini Roma, Uingereza ikafuzu moja kwa moja, na Italia ikasukumwa kucheza na Urusi. Moscow kulikuwa na theluji. Kipa Gianluca Pagliuca aliumia, na Maldini akamwingiza kijana wake wa zamani Buffon, miaka 19, kucheza mechi ya kwanza ya timu ya taifa juu ya barafu. Ilikuwa sare ya 1-1, na goli moja la Pierluigi Casiraghi mjini Naples likawapeleka Ufaransa.

Fainali za 1998 zilimpa Maldini shida ambayo kocha yeyote angeitamani mpaka aipate. Alikuwa na Roberto Baggio na Alessandro Del Piero, wachezaji wawili wa nafasi moja, na nchi nzima ilikuwa imegawanyika. Alianza na Baggio, kwani Del Piero alikuwa akitoka kwenye majeraha, na Baggio akaiokoa sare ya 2-2 dhidi ya Chile kwa penalti ya dakika za mwisho. Kisha akamrudisha Del Piero, akimwingiza Baggio kipindi cha pili. Wakati huo Christian Vieri alikuwa akifunga karibu kila mechi: Chile, Kamerun, Austria, Norway.

Dhidi ya Austria, Nesta aliumia goti. Nani achukue nafasi? Maldini alimgeukia Bergomi, yule wa masharubu ya 1982, ambaye sasa alikuwa na miaka 34 na alikuwa amekaa miaka mingi bila kuitwa timu ya taifa hadi Maldini alipomkumbuka. Wengi walidhani ni kichekesho. Bergomi aliingia, akacheza dhidi ya Norway, akacheza dhidi ya Ufaransa, na hakuna goli lililopita kwenye mechi hizo mbili ndani ya mchezo.

Robo fainali na wenyeji ilichezwa Saint-Denis tarehe 3 Julai. Italia ilijifungia, Ufaransa ikabisha hodi kwa dakika 120 bila kufunguliwa. Ndani ya muda wa nyongeza, goli la dhahabu likiwa linanukia, Baggio aliuunganisha mpira mrefu bila kuuacha udunde, ukapita pembeni kidogo ya mlingoti. Penalti zikaamua. Bixente Lizarazu akakosa, Demetrio Albertini akakosa, na mkwaju wa mwisho wa Luigi Di Biagio ukagonga mtambaa wa panya. Ufaransa 4, Italia 3, na siku tisa baadaye Wafaransa wakawa mabingwa wa dunia.

Lawama zilimwangukia Maldini zote. Kwa nini alijihami hivyo akiwa na Baggio, Del Piero na Vieri? Swali lina haki yake. Timu ile ilikuwa na vipaji vya kuuchezea mpira zaidi ya ilivyofanya usiku ule. Lakini ni kocha aliyemaliza Kombe la Dunia bila kufungwa mechi hata moja, mbele ya timu iliyolitwaa, na inchi chache za shuti la Baggio zingewageuza wachambuzi wote kuwa mashabiki wake. Alijiuzulu mwezi huo huo.

Miaka hiyo Waitaliano walimcheka pia, kwa mapenzi. Mchekeshaji Teo Teocoli alimwigiza kwenye televisheni, sauti, mabega na lafudhi ya Trieste vikiwa vile vile, na uigizaji huo ukajulikana nchi nzima.

Machi 2001 Milan ilimfukuza Alberto Zaccheroni na kumwomba mzee, aliyekuwa akiwatafutia wachezaji, amalizie msimu akiwa na Mauro Tassotti kando yake. Tarehe 11 Mei walikutana na Inter. Gianni Comandini, kijana ambaye hakuwa amefunga lolote kwenye ligi msimu huo, alifunga dakika ya tatu na kurudia ya 19. Federico Giunti akaongeza, Andriy Shevchenko akafunga mawili, Serginho akafunga la sita. Milan 6, Inter 0. Kocha aliyeitwa mwoga kule Saint-Denis ndiye aliyesimama benchi siku hiyo, na nahodha uwanjani alikuwa Paolo.

Alikuwa na safari moja zaidi. Paraguay walimkabidhi timu yao kabla ya Kombe la Dunia la 2002, naye akaenda Korea Kusini akiwa na miaka 70, kocha mzee kuliko wote waliokuwa wamewahi kufika kwenye fainali hizo hadi wakati huo. Walitoka sare ya 2-2 na Afrika Kusini iliyosawazisha kwa penalti ya Quinton Fortune katika dakika za majeruhi, wakafungwa na Hispania, kisha wakawa nyuma dhidi ya Slovenia katika mechi ya lazima. Maldini alimwingiza Nelson Cuevas, akafunga mawili, Paraguay ikashinda 3-1 na kusonga mbele. Ujerumani iliwatoa kwa goli la dakika ya 88 la Oliver Neuville. Baada ya hapo hakufundisha tena.

Tarehe 28 Mei 2003, Milan iliifunga Juventus kwa penalti kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Manchester. Paolo alinyanyua kombe akiwa nahodha, kwenye ardhi ya Uingereza kama baba yake miaka 40 kabla. Kocha wa Milan usiku huo alikuwa Ancelotti, yule kijana wa mechi ya Vicenza.

Cesare alifariki Milano tarehe 3 Aprili 2016, akiwa na miaka 84. Mjukuu wake Daniel, mtoto wa Paolo, aliifungia Milan goli lake la kwanza la ligi kuu mwaka 2021, ugenini kwa Spezia, na tarehe 10 Oktoba 2024 aliingia kutoka benchi dhidi ya Ubelgiji mjini Roma, Maldini wa tatu kuichezea Italia. Yeye hachezi beki, anacheza mbele.